Habari za Kazi Hupita Njia Gani?

Mwanafunzi amalizaye chuo huwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mna vivuli vya vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, barua ya maombi, maelezo yake binafsi katika kurasa mbili, na picha mbili ndogo za pasipoti. Huichukua bahasha hiyo ofisi hadi ofisi, na mara nyingi huishia langoni, ambapo mlinzi humwambia aiache hapo hapo mezani. Jioni arudipo nyumbani wazee humuuliza kama amekwisha kwenda kumwona mjomba fulani mwenye cheo. Hivyo, katika mawazo ya wengi, njia za kupata kazi ni mbili tu: bahasha na mjomba.

Wataalamu wa elimujamii wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na matokeo ya uchunguzi wao yanaonyesha njia ya tatu, ambayo aghalabu mhitimu haioni kwa sababu inapita kwa watu asiowahesabu kuwa ni watu wake.

UCHUNGUZI WA MJI WA NEWTON

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mark Granovetter, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliuliza swali jepesi: watu hupataje habari za kazi wanazozipata? Aliuchagua mji wa Newton, ulio karibu na Boston katika jimbo la Massachusetts, akawatafuta wakazi wenye kazi za kitaalamu, za ufundi na za uongozi ambao walikuwa wamebadili kazi si muda mrefu uliopita. Jumla yao ilikuwa watu 282. Mia moja kati yao aliwahoji ana kwa ana. Waliosalia walijaza hojaji zilizopelekwa kwa posta.

Karibu asilimia 56 ya watu hao walisema kwamba habari ya kazi waliipata kwa mtu waliyejuana naye. Waliosalia waligawanyika katika mafungu ya matangazo, mawakala wa ajira, maombi ya moja kwa moja kwa mwajiri, na njia nyinginezo. Mpaka hapo hapakuwa na la kushangaza, kwani hata asiyesoma elimujamii hujua kwamba kazi nyingi hupatikana kwa kujuana. Ajabu ilijitokeza katika swali lililofuata. Granovetter aliwauliza wale aliowahoji: katika siku zile ulizopewa habari, huyo aliyekupa ulikuwa ukionana naye mara ngapi?

Watu 54 walilijibu swali hilo. Waliokuwa wakionana na mtoa habari mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa juma, walikuwa 9 tu. Waliokuwa wakionana naye kwa nadra kiasi, yaani zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini chini ya mara mbili kwa juma, walikuwa 30. Na 15 walisema kuwa walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu sita mmoja tu ndiye aliyesaidiwa na mtu wake wa karibu. Wengine walisaidiwa na mtu waliyesoma naye zamani, au waliyefanya naye kazi mahali fulani, ambaye hata katika siku zile hawakuwa wandani. Mara nyingi walikutana tena kwa bahati tu, au kwa kupitia mtu wa tatu. Alipowauliza kama huyo mtu alikuwa rafiki yao, wengi walimsahihisha wakisema kwamba hakuwa rafiki, bali mtu wa kujuana naye tu.

Makala aliyoiandika juu ya jambo hilo ilikataliwa mwaka 1969 na jarida la kwanza alilolipelekea. Ilichapishwa mwaka 1973 katika jarida jingine, na leo ni miongoni mwa makala zinazotajwa mno katika elimujamii yote. Wanafunzi wenye barua za kukataliwa mikononi wanaweza kulikumbuka hilo.

KWA NINI NDUGU HANA HABARI?

Ndugu na rafiki wa karibu ndio wenye nia ya kutusaidia kuliko watu wote. Basi imekuwaje wakazidiwa na watu wasiotujali sana? Jibu halimo katika nia, limo katika umbo la uhusiano wenyewe, na linaweza kuchorwa ubaoni.

Tuseme mtu A ni mwandani wa B, na pia ni mwandani wa C. A hutumia saa nyingi na B, na saa nyingi na C. Haiwezekani kwa muda mrefu B na C wasikutane: watakutana nyumbani kwa A, msikitini au kanisani, harusini au msibani. Wakikutana watazoeana. Hivyo baada ya muda wote watatu hujuana, na habari aliyo nayo mmoja huwa nayo wote. Kikundi cha wandani ni kama chungu kilichofunikwa. Kinachopikwa ndani kila mmoja amekwisha kukinusa. Wote husoma tangazo lile lile, na wote husikia kwa siku moja kwamba kiwanda fulani kinapunguza watu.

Mtu wa kujuana naye juujuu hakai ndani ya chungu hicho. Ana wandani wake wengine, nao wanazungumza mambo mengine. Kwa hiyo yeye ni daraja baina ya vikundi viwili ambavyo bila yeye visingepashana habari. Hesabu ndogo inalifafanua hili. Mwanafunzi mwenye marafiki watano ambao wote ni marafiki wa wao kwa wao ana masikio matano tu mjini. Mwanafunzi mwenye watu watano wa kujuana nao, ambao kila mmoja anajuana na watu watano wengine wasiojuana na hao wa kwanza, anafikiwa na watu thelathini. Idadi ya salamu anazotoa ni ile ile.

Katika uchunguzi wa Newton habari nazo hazikusafiri mbali. Mara nyingi ama mwajiri mwenyewe ndiye aliyekuwa akijuana na mtafuta kazi, ama palikuwa na mtu mmoja tu kati yao. Habari iliyopita kwa watu wengi ilikuwa imekwisha kuwa uvumi.

KIMEMO NA HABARI

Hapa yupo msomaji atakayenung'unika, na ana haki. Katika nchi zetu neno “kujuana” lina harufu mbaya. Humkumbusha mtu kimemo, yaani kile kikaratasi kutoka kwa mkubwa kinachomwamuru au kumbembeleza mkubwa mwenzake ampe mtoto wa fulani nafasi, hata kama wapo waliomzidi kwa sifa. Je, sayansi inakuja sasa kukibariki kimemo?

Haikibariki. Tofauti ya mambo hayo mawili imechunguzwa, na aliyeieleza vizuri ni Yanjie Bian, kwa kutumia uchunguzi uliofanywa mwaka 1988 katika mji wa Tianjin nchini China. Wakati huo nchini humo kazi za mijini ziligawiwa na dola, na mtu hakuweza kuchukua bahasha yake akajiombea apendapo. Habari ya nafasi peke yake haikumfaa kitu. Kilichomfaa ni kuwa na mtu mwenye uwezo wa kumshawishi afisa mgawaji, na upendeleo wa namna hiyo, ambao una hatari kwa anayeutoa, hautolewi kwa mtu wa kujuana naye juujuu. Hutolewa kwa ndugu na kwa mwandani, au kwa anayeletwa na mwandani. Katika makala yake ya mwaka 1997 Bian alionyesha kwamba huko Tianjin uhusiano wa karibu ndio uliofungua milango.

Kwa hiyo mambo yanagawanyika hivi. Panapotafutwa upendeleo, mjomba ana nguvu. Panapotafutwa habari, yaani wapi pana kazi, kazi yenyewe ni ya namna gani, na nani wa kuandikiwa, mjomba kwa kawaida hajui zaidi ya mpwa wake. Kimemo humpokonya mtu mwingine nafasi yake. Habari humfikisha mwombaji mlangoni, na akifika hupimwa kama wenzake. Hata hivyo isisahauliwe kwamba habari nayo haigawanyiki sawa. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya wasomi amezungukwa na madaraja tangu utotoni, na mtoto wa mkulima hana budi kuyajenga yake mwenyewe. Ni kwa ajili ya huyo wa pili hasa kwamba jambo hili linafaa kufundishwa darasani.

Uchunguzi mkubwa kuliko yote ulichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science. Wachunguzi walitumia mtandao wa LinkedIn, ambao hupendekeza kwa watumiaji wake watu wa kujuana nao. Kwa miaka mitano, tangu mwaka 2015 hadi 2019, mapendekezo hayo yalibadilishwa kwa bahati nasibu miongoni mwa watu zaidi ya milioni 20, wengine wakipewa watu wa karibu zaidi na wengine watu wa mbali zaidi. Hivyo likawa jaribio la kweli, na si ulinganifu tu wa majibu ya hojaji. Matokeo yaliunga mkono wazo la Granovetter, ila kwa sahihisho moja: waliosaidia zaidi walikuwa watu wa mbali kiasi, wenye marafiki kadhaa wa pamoja na mtafuta kazi. Mgeni kabisa, asiye na hata mtu mmoja wa kuwaunganisha, hakuwa na msaada mkubwa. Madaraja yana urefu unaofaa.

KARANI WA BANDARI YA MADRAS

Kujuana na mtu hakutoshi ikiwa mtu huyo hana la kusema juu yako. Hapa ndipo linapoingia suala la kujitambulisha, na mfano ulio bora unatoka India ya miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Srinivasa Ramanujan alizaliwa mwaka 1887. Alipewa ufadhili wa masomo katika chuo cha Kumbakonam, akaupoteza kwa sababu alizama katika hisabati na kuanguka katika masomo mengineyo. Mwaka 1909 alioa, naye hakuwa na kazi wala cheti cha maana. Mwaka 1910 alisafiri kwenda kumwona V. Ramaswamy Aiyer, afisa wa serikali ambaye pia alikuwa mwanzilishi wa chama cha wanahisabati wa India, akamwomba kazi ya ukarani katika ofisi yake. Hawakuwa ndugu. Ramanujan alimwonyesha madaftari yake ya hisabati, basi. Afisa yule aliyafunua, akaona kwamba itakuwa dhambi kumzika kijana huyo katika ukarani wa ngazi ya chini, akampa barua za kumtambulisha kwa wanahisabati wenzake mjini Madras.

Kutoka hapo mnyororo ulikwenda pete kwa pete. Madras alikutana na P. V. Seshu Aiyar, aliyewahi kumfahamu Kumbakonam. Huyo alimwelekeza kwa R. Ramachandra Rao, mkuu wa wilaya ya Nellore, ambaye kwa muda alimpa rupia 25 kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Tarehe 1 Machi 1912 Ramanujan aliajiriwa karani katika Bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Mkubwa wake katika idara ya hesabu, S. Narayana Iyer, alikuwa naye mwanahisabati, mwanachama wa chama kile kile cha Ramaswamy Aiyer. Kila pete ilikuwa mtu wa kujuana naye juujuu, na katika kila pete kilichotangulia mbele ya jina lake yalikuwa madaftari.

Kwa kutiwa moyo na watu hao, tarehe 16 Januari 1913 Ramanujan alimwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Wanahisabati wengine wa huko aliowaandikia kabla hawakumsaidia. Namna barua ile ilivyopangwa inastahili kusomwa na kila mwombaji kazi. Katika sentensi ya kwanza anasema yeye ni nani: karani wa idara ya hesabu katika bandari, mwenye mshahara wa pauni 20 tu kwa mwaka. Kisha anakiri, bila kuzunguka, kwamba hakupata elimu ya chuo kikuu. Kisha anasema alichofanya: tangu aache shule ametumia wakati wake wa mapumziko katika hisabati, na amefuata njia yake mwenyewe. Kisha anaambatisha kazi yenyewe, kurasa za kanuni alizozigundua. Mwisho anaeleza anachoomba, kwamba msomaji akiona zina thamani amsaidie zichapishwe, kwani yeye ni maskini.

Hardy alizisoma kanuni hizo pamoja na mwenzake J. E. Littlewood. Baadhi aliweza kuzithibitisha, na nyingine hakuwahi kuona mfano wake. Alijibu tarehe 8 Februari. Mwaka uliofuata Ramanujan alikuwa Cambridge, na mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Si kila karani ni Ramanujan, lakini umbo la barua ile halihitaji kipaji chake. Lingefaa vilevile kwa fundi wa maabara.

“WEWE MTOTO WA NANI?”

Vijana wetu wana kikwazo ambacho Granovetter hakukihesabu. Desturi zetu zimeweka namna ya kijana kujitambulisha kwa mtu mzima, nayo huanza na shikamoo na kuishia katika swali la mzee: wewe mtoto wa nani, na nyumbani ni wapi? Ni swali jema, na lina hekima yake, kwa kuwa linamweka kijana katika ukoo na mahali. Lakini kwa mambo ya kazi jibu lake halimsaidii mzee. Limemwonyesha ndugu za kijana, halikumwonyesha kazi ya mikono yake. Baada ya hapo kijana aliyelelewa vizuri hunyamaza akingoja kuulizwa zaidi, na asipoulizwa huaga.

Kijana mwingine, aliyekwisha kuchoka kutafuta, husema: “Mzee, naomba unisaidie kazi, kazi yoyote tu.” Maneno hayo yana adabu na yana uchungu ndani yake, lakini hayabebeki. Majuma mawili baadaye mzee yule, akiwa katika kikao cha harusi, husikia jirani yake akilalamika kwamba mradi wa maji umekosa fundi wa pampu. Halikumbuki neno “yoyote”. Hakuna kitu kichwani mwake cha kuunganisha pampu na kijana yule.

Ilinganishwe na hii: “Shikamoo. Mimi nipo mwaka wa tatu wa ufundi umeme. Likizo iliyopita nilikuwa katika mafunzo ya vitendo, na nilifundishwa kuzungusha upya nyaya za mota za pampu zilizoungua. Nilitengeneza nne kwa mkono wangu. Namaliza mwezi Julai, na ningependa kujua ni wapi hapa mkoani wanakotumia pampu kubwa.” Kijana hakuomba kazi. Ameomba habari, na habari haimgharimu mzee kitu wala haimtii aibu asipokuwa nayo. Tena amemwachia mambo mawili ya kukumbuka, pampu na mwezi Julai.

Maneno hayo yasikaririwe kama sala. Ajitambulishaye kwa maneno yale yale kila siku husikika kama kasuku, na wakubwa wa kazi wana masikio. Kinachofaa kuandaliwa mapema ni jambo moja la kweli alilolifanya, pamoja na tarakimu yake ikiwa ipo.

Njia nyingine ya kujitambulisha, ambayo wengi hawaidhanii, ni swali. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, wakati Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipofika kutoa mhadhara. Mpemba alisimama akauliza ni kwa nini maji yaliyokuwa moto sana, yakiwekwa katika jokofu, huganda kabla ya maji yenye uvuguvugu ya ujazo uleule. Alikuwa ameona jambo la namna hiyo mwaka 1963 alipokuwa akitengeneza aiskrimu katika shule ya Magamba. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka; aliliendea swali maabara, na mwaka 1969 majina yao mawili yalitokea pamoja katika jarida la Physics Education. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu jambo lenyewe, lakini kwa swali moja mwanafunzi wa sekondari alikuwa amejulikana kwa mtu wa chuo kikuu ambaye hakuwa na ujamaa naye wowote.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu anaweza kulipima wazo la Granovetter kwa kipindi kimoja. Kila mwanafunzi achukue karatasi na kuigawa katika safu tatu. Katika safu ya kwanza aandike kazi za watu wazima watano anaozungumza nao karibu kila siku. Katika ya pili aandike kazi za watu wazima watano anaojuana nao lakini huzungumza nao kwa nadra: jirani wa zamani, dereva wa basi la shule, mtunza ghala wa mahali alipofanyia mafunzo, mama aliyekaa naye hospitalini wakati wa kumuuguza bibi. Darasa lihesabu ni kazi ngapi tofauti zimo katika kila safu, kwa mwanafunzi mmoja mmoja na kwa darasa zima, na kuchora chati ya mihimili ya safu zote mbili.

Katika safu ya tatu kila mmoja aandike, mbele ya kila mtu wa safu ya pili, jambo ambalo mtu huyo analijua kuhusu masomo yake. Wengi wataiacha safu hiyo tupu. Majina ya watu yasiandikwe wala kusomwa hadharani. Kazi zao zinatosha. Karatasi zihifadhiwe hadi muhula unaofuata, ili safu ya tatu ijazwe tena na tofauti yake ihesabiwe.